Jumamosi za Mwamvita

Tabia moja Mwamvita Hafidhi hakuiacha tangu siku aliyoingia chuoni mpaka siku aliyoondoka. Kila alfajiri, akishaswali, alichukua kalamu ya wino wa bluu akachora vistari mgongoni mwa mkono wake wa kushoto, kistari kimoja kwa kila jambo alilojiahidi kulifanya siku hiyo. Akitawadha adhuhuri vistari vilififia, naye akavichora upya. Jambo likishakamilika alilamba kidole gumba, akafuta kistari chake. Wenzake bwenini walimcheka, wakasema huyu mtoto wa fundi cherehani anajipima mwenyewe kama kitambaa. Alicheka nao, kisha akaendelea kuchora.

Klaudia Ishengoma hakucheka. Alilala kitanda cha chini, Mwamvita cha juu, na kila asubuhi jambo la kwanza kuliona lilikuwa mkono ule ukining'inia hewani, wino ukikauka. Kila asubuhi kitu kilimkwaruza kifuani. Jina la kitu hicho alilijua, ila hakupenda kulitamka hata kimoyomoyo.

Kilianza wiki ya tatu ya mwaka wa kwanza. Mkufunzi wao wa malezi, Mwalimu Lwakatare, aliwagawia wanachuo karatasi moja moja, akawataka waandike malengo yao ya muhula: watatoa nini, watampa nani, na watajitolea kufanya kazi gani bila malipo. Mwalimu asiyejifunza kutoa akiwa hana kitu, aliwaambia, hatatoa hata akipata mshahara. Klaudia alijaza ukurasa mzima. Aliandika kwamba atawasaidia yatima wa mkoa wa Kagera, atahamasisha jamii, atakusanya nguo na madaftari, ataunda kamati. Mwamvita aliandika mistari miwili. Mche mmoja wa sabuni kila mwezi, nusu aitumie, nusu aitoe. Na Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili, kazi za mikono kwa mzee mmoja.

Karatasi ya Klaudia mwalimu aliisoma kimya, akaikunja, akamrudishia. Ya Mwamvita aliisoma kwa sauti mbele ya darasa.

"Huyu," akasema, "atatimiza."

Klaudia alipiga makofi pamoja na wengine. Alipiga kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu alihisi mtu akimtazama atamsoma usoni.

Tusimwonee lakini. Alichoahidi alikifanya. Kamati aliiunda, akachaguliwa mwenyekiti, na kila Jumamosi alikuwa barabarani na wenzake, wamevaa fulana za njano, wakipita nyumba kwa nyumba Bukoba mjini wakiomba nguo zisizovaliwa. Walipeleka mizigo kwenye vituo vya watoto, wakapiga picha, wakarudi hoi. Ilikuwa kazi ya kweli. Ndiyo pia iliyomfanya, Jumamosi moja, asimame getini akiwa na dawa za presha za mama yake mkononi, kamati ikimsubiri upande wa pili wa barabara, asijue agawe vipi mwili wake. Mwamvita alikuwa anapita na ndoo.

"Mwamvita, ndugu yangu, nisaidie. Mpelekee mama dawa hizi Maruku. Kwa pikipiki hata saa nzima haifiki."

Mwamvita alitua ndoo, akachora kistari, akaenda.

Mama yake Klaudia aliitwa Agnetha, lakini pale kijijini jina hilo lilibaki kwenye kitabu cha parokia tu. Watu wote walimwita Mama Klaudia. Mumewe alikuwa amekufa miaka sita iliyopita. Mtoto wake wa kiume alikuwa Mwanza, naye alipiga simu Krismasi na Pasaka. Mama Klaudia aliishi peke yake katika kibanja cha migomba na mibuni, miguu ikimvimba kila jioni, na alikuwa mwanamke wa fahari. Nyumba yake ilikuwa na sakafu ya saruji, lakini sebuleni alitandika nyasi laini juu ya saruji hiyo, kama mama mkwe wake alivyofanya kabla yake. Nyumba isiyo na nyasi chini, alikuwa akisema, ni ghala la kahawa.

Siku Mwamvita alipoingia, nyasi zile zilikuwa zimechakaa na kuwa nyeusi. Nje, majani makavu ya migomba yalining'inia bila mtu wa kuyapogoa. Mwamvita alipiga magoti akasalimia, akatoa dawa, kisha akauliza mundu uko wapi. Alikuwa mtoto wa mjini, amezaliwa nyuma ya duka la baba yake karibu na soko. Mundu hakuwahi kuushika. Jioni alirudi bwenini viganja vimechubuka, gauni lina madoa ya utomvu wa mgomba ambayo hayatoki kwa sabuni yoyote, akakaa ukingoni mwa kitanda cha Klaudia.

Akamwambia kwamba mzee wake wa kumsaidia anadhani amempata, ila kama Klaudia ataona vibaya aseme, atatafuta mwingine. Klaudia alimjibu kwamba itakuwa ajabu mtu amkataze mwenzake kumsaidia mama yake mzazi. Alilisema hilo kwa roho nyeupe kabisa. Ukweli ni kwamba alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo kichwani akaona mwingine anaupokea. Mzigo huo, hakujua siku ile, ndio uliokuwa ukimfanya yeye aitwe mwana.

Mama alikuwa na desturi ya kupiga simu kila Jumapili baada ya misa. Zamani aliuliza Klaudia amekula nini, chuo kinasemaje, kikohozi kimeisha. Sasa alisimulia. Mwamvita kapogoa upande wote wa chini. Mwamvita hajui Kihaya, jana kamwita jogoo jina la mbuzi, tumecheka mpaka tumekaa chini. Mwamvita mama yake alikufa akiwa na miaka minne, ulijua? Klaudia hakujua. Walikuwa wamelala kitanda juu ya kitanda kwa mwaka mzima, na hakujua. Jumamosi moja kila wiki mbili ikageuka kila Jumamosi, na Jumapili simu ikawa ndefu zaidi, lakini ndani yake Klaudia alijitafuta asijione.

Novemba, mvua zikiwa zimeanza, alipata wikiendi moja isiyo na kamati, akapanda kwenda nyumbani na kilo mbili za mchele na sukari. Njiani, pale kibanja chao kinapoanzia, alikutana na jirani yao Jovita, mkungu kichwani, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kupata likizo.

"Milembe, mgeni wetu," Jovita alimsalimu kwa Kihaya. "Unamtafuta nani huku?"

"Ma Jovita, mimi hunijui?"

"Nakujua sana. Pita tu, Mama Mwamvita yupo ndani."

Jovita alicheka mpaka mkungu ukayumba, na Klaudia akacheka pia, kwa sababu asiyecheka utani wa jirani huonekana ana lake jambo. Lakini kile kicheko kilimkaa kooni kama mwiba wa sato, na alikwenda nacho hadi mlangoni.

Sebuleni nyasi zilikuwa mpya, za kijani, zimekatwa fupi na kulazwa upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Mama alimkumbatia, akamtazama, akamwambia amekonda. Ilikuwa furaha, hakuna wa kubisha. Klaudia akaingia jikoni apike. Ukutani, kwenye msumari, palikuwa na sufuria jipya linalong'aa ambalo hakulijua. Akanyoosha mkono.

"Hilo liache, mwanangu. Ni la Mwamvita."

Mama akaeleza bila kugeuka, akimenya ndizi. Katika masufuria ya nyumba ile nyama ya nguruwe ilikuwa imepikwa miaka na miaka, na mtoto wa Kiislamu anakuja kuwafanyia kazi, ale kwa wasiwasi? Amenunua hilo, halipikiwi chochote isipokuwa chakula cha Mwamvita. Hata yeye mwenyewe hulipitia mbali. Klaudia akachukua lile jeusi, la siku zote. Akaliosha, na lilipokwisha kuwa safi akaliosha tena.

Wakati wa kula aliuliza, kama aulizavyo kila mwaka tangu utoto, senene zake ziko wapi. Msimu wa panzi hao ulikuwa mwema mwaka ule na kila msimu mama alimwekea kopo moja, zimekaangwa zikakauka vizuri. Mama alishika kidevu. Alikuwa amempa Mwamvita ampelekee baba yake. Alidhani wenzetu wa kamati, alisema, siku hizi hawana nafasi hata ya kutafuna senene.

Klaudia alimtazama usoni aone kama ni utani. Hakuweza kujua. Hilo nalo lilimuuma, maana zamani uso ule aliusoma hata gizani.

Tangu hapo wivu ukampanda rasmi, ukawa na saa zake kama chakula. Asubuhi aliamka nao, akiuona ule mkono. Jumamosi ulimjaa akiwa na fulana yake ya njano mlangoni kwa watu. Mama wa nyumba akimshukuru, "Asante mwanangu," yeye aliwaza ni nani anaambiwa hivyo hivyo saa ile kule Maruku. Ungemuuliza kwa nini asiende mwenyewe, angekuambia kamati haiwezi kwenda bila mwenyekiti. Lakini jibu la kweli lilikuwa baya zaidi. Alitaka Mwamvita aache kwanza, ndipo yeye aende. Kwenda wakiwa wawili, alihisi, ni kwenda kupimwa.

Mwezi Januari alishindwa kuvumilia. Jumamosi moja alikiacha kikundi sokoni, akasema kichwa kinamuuma, akachukua pikipiki hadi Maruku bila kumwambia mtu. Pikipiki aliiacha barabarani, akapita kibanjani kwa miguu kama mwizi wa mikungu, akafika dirishani.

Mama na Mwamvita walikuwa wamekaa chini kwenye nyasi, kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna katikati yao, ile ya kuchemshwa na kukaushwa ambayo kila mgeni wa heshima hupewa. Mama alitwaa punje moja, akaipasua kwa meno, zikatoka mbegu mbili. Moja akamtilia Mwamvita mkononi, ya pili akaitia kinywani mwake. Wakatafuna. Mama alikuwa anacheka, na Mwamvita alikunja uso kwa uchungu wa kahawa, naye akicheka.

Mtu wa kutoka mbali angeona watu wawili wanatafuna kahawa. Klaudia alikuwa mtoto wa Maruku. Alisimuliwa na babu yake jinsi watu wa zamani walivyokula undugu: punje moja ya kahawa, mbegu zake mbili, kila moja ikapakwa damu ya mmoja ikaliwa na mwenzake, na tangu siku hiyo mlango wa huyu ni mlango wa yule. Pale hapakuwa na damu, na huenda mama alikuwa anacheza tu. Hata hivyo Klaudia alisimama nyuma ya dirisha, akiwaza kwamba katika miaka yake yote ishirini na mbili mama hakuwahi kumgawia mbegu ya punje moja. Akili ilimwambia kwamba hagawiwi kwa kuwa yeye ni damu tayari, undugu huliwa na mgeni. Wivu hauna masikio ya kusikia hayo. Alirudi barabarani bila kubisha hodi.

Muhula mpya ulipofunguliwa Mwalimu Lwakatare aliwaandikisha tena malengo, na safari hii Klaudia hakusubiri yasomwe darasani. Mwamvita alikuwa amebandika karatasi yake ndani ya mlango wa kabati. Alipokwenda kuoga, Klaudia akaifungua kabati. Mstari wa sabuni ulikuwa pale pale. Chini yake: Kila Jumamosi, mzee asiye na mtu, Maruku.

Aliusoma mara tatu. Kisha akahisi furaha kali, furaha ya mtu aliyekaa muda mrefu akitafuta pa kumshika mwenzake, sasa kapapata. Mama yake, mwanamke asiyepokea hata chumvi kwa jirani bila kurudisha, ameandikwa kama fukara! Ameandikwa kwenye orodha na mche wa sabuni! Alibandua karatasi, akaitia mkobani, na Ijumaa mchana alikuwa Maruku.

Mama alikuwa jikoni, ndizi mapajani. Klaudia hakukaa. Alimsomea karatasi yote, na lile neno la mwisho alilisoma polepole, kisha akamuuliza kama sasa amemjua huyo mtoto wake mpya.

Mama aliendelea kumenya.

"Hilo neno nilimpa mimi," akasema.

"Lipi?"

"Hilo. Alikuja na karatasi, akaniuliza amwandike nani. Alitaka kuandika Mama Klaudia. Nikamwambia andika mzee asiye na mtu."

"Mama, lakini mimi nipo."

"Upo wapi?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Klaudia alifungua kinywa amtajie yatima, nguo, fulana, vituo vitatu walivyovifikia, na kila alichokishika kikamteleza. Mama akatupa ganda la ndizi kwenye ungo, akaongeza kwamba Mwamvita alikataa kuandika, wakabishana, na kwamba yeye ndiye aliyemlazimisha. Alimwambia aandike tu, siku Klaudia akija atalifuta.

Usiku ule Klaudia alilala nyumbani. Kesho yake, Mwamvita alipotokea kibanjani na mundu, alimkuta Klaudia ameshika mwingine. Klaudia alimrudishia karatasi yake, hakueleza ilikotoka. Akamwambia asije tena, kwa kuwa mwenyewe amerudi. Alijaribu kulisema kwa upole, likatoka kama mtu anayefukuza kuku kwenye maua. Mwamvita aliitazama karatasi, akatoa kalamu, akaukata mstari wa Maruku. Akaomba tu aingie amuage mama. Klaudia akamwambia mama amelala. Mama hakuwa amelala.

Basi Klaudia akaacha uenyekiti, akawa mtu wa Maruku kila Jumamosi, mwaka mzima na zaidi. Mtu angesema ameshinda. Alipogoa, alikata nyasi, alipika. Mama alimshukuru kwa kila kitu, "Wakola, mwanangu, wakola," kwa adabu kamili, na adabu ile ndiyo iliyomtesa, kwa sababu ilikuwa adabu ya kumpokelea mgeni. Hakuwahi kumcheka akikosea. Nyasi alizikata ndefu mno, mama akazikanyaga bila kusema. Mara moja tu, wiki za mwanzo, aliuliza kama Mwamvita ni mzima. Klaudia akajibu ni mzima, na mama hakuuliza tena, na Klaudia akauonea wivu hata ukimya huo.

Walimaliza chuo. Ajira hazikutoka mwaka ule, kama ilivyo kawaida, na wengi walirudi makwao kusubiri. Mwamvita alijiandikia lengo jingine: mwaka mmoja wa kufundisha bila mshahara katika shule ya kisiwa cha Bumbire, wilayani Muleba, ambako watoto wa wavuvi walikuwa na walimu watatu kwa shule nzima. Habari ilifika Maruku kwa mdomo wa Jovita. Mama alikaa nayo siku mbili. Kisha Klaudia alipokuwa anafunga mkoba arudi mjini, akamwambia: "Mwambie Mwamvita asivuke maji bila kuniaga."

Klaudia akaitikia. Wiki ya kwanza hakusema. Aliwaza atasema kesho. Wiki ya pili alikutana na Mwamvita dukani kwa baba yake, Mzee Hafidhi akiwa ameinamia cherehani, wakaongea habari za mvua na za ajira, na maneno ya mama yalikaa pale pale mdomoni, nyuma ya meno. Alijiona akiyazuia. Alijua anachofanya.

Siku ya safari alikwenda stendi. Hakuitwa. Basi la Muleba lilikuwa limeshawasha injini, na Mwamvita alikuwa amekaa dirishani, begi mapajani. Klaudia akasimama chini yake, akashika ukingo wa kioo.

"Mama alisema upite umuage."

"Alisema lini?"

"Wiki mbili sasa."

Mwamvita alimtazama. Klaudia alisubiri matusi, na kwa kweli aliyataka, kwa sababu matusi yangewafanya wawe sawa. Kondakta aligonga bati la basi. Kulia kwao mwanamke alikuwa akibishana na mtu juu ya kuku waliofungwa miguu.

Hawakuongea tena baada ya siku ile. Kisiwani mtandao ulikuwa wa kubahatisha, na Klaudia hakubahatisha. Sababu alizokuwa nazo zote zilikuwa nusu kweli. Ila kila Jumamosi, akiwa jikoni Maruku, kisu mkononi, hana budi kuyasikia maneno yale ya dirishani, na kila akiyasikia roho humuuma, kwa kuwa alikuwa amekula na mama yake meza moja mwaka mzima na hakuona.

Siku ile stendi, basi lilikuwa limeanza kurudi nyuma. Mwamvita aliinama akaleta uso karibu na kioo.

"Jino la kushoto, la nyuma, linamuuma tangu mwaka juzi," alimwambia. "Usimuulize, atakataa. Mkatie nyama ndogo ndogo tu, halafu jifanye umezoea kukata hivyo."